Nyumba ya Mzee, Notisi Yangu

Mimi na benki ya baba mwenye nyumba wangu hatujuani. Sijawahi kuingia tawini kwao hata kuomba kalenda ya mwaka mpya. Lakini barua zao zote nazipokea mimi, daftari la kupokelea nasaini mimi, na yule kijana wa pikipiki anayezileta amenizoea mpaka ananiita "mdaiwa" mbele ya wanangu.

Ndiyo gharama ya kupanga chumba cha mbele. Hapa Tabata chumba cha mbele kina bei kwa sababu ya hewa, halafu pamoja na hewa unapewa wageni wote wa nyumba: mjumbe, msoma mita ya maji, muuza maziwa, na siku hizi watu wa mkopo. Mzee mwenyewe anaishi upande wa uani, kwenye mlango wa uchochoroni ambao watu wa mkopo bado hawajaugundua. Na mimi siwaambii, maana nikiwaambia nitahama kabla yake.

Mkopo wenyewe haukuwa wa kununulia nyumba. Nyumba ilikuwepo, haina deni la mtu. Mzee alichukua hati akaipeleka benki, akafunguliwa ovadrafti kwa ajili ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Ovadrafti ina utamu wake. Hupewi donge lote kwa mkupuo. Unawekewa kikomo, unachota kadiri unavyohitaji, riba inahesabiwa kwenye ulichochota tu, ukirudisha unachota tena. Kwa mtu anayenunua saruji Jumatatu na kuiuza Ijumaa, ni msaada wa kweli. Mzee alichota Jumatatu akapandisha ghorofa. Nguzo zake hizo hapo juu ya vichwa vyetu, nondo zimesimama zinaota kutu, na nguzo hazina Ijumaa.

Riba za mikopo kwenye mabenki yetu zimekaa miaka mingi kwenye asilimia 15 na ushee kwa mwaka. Riba ya namna hiyo hailali, na wala haingojei zege likauke. Deni likipita siku 90 bila kulipwa linahesabiwa kuwa chechefu, na jina lako linaingia kwenye kumbukumbu za wakopaji, kiasi kwamba benki nyingine yoyote utakayokwenda kuomba wanalisoma kabla hujaketi. Mzee naye alikuwa na dawa yake: alizima simu. Matokeo yake ofisa mikopo akaanza kunipigia mimi. Namba yangu aliipata kwenye lile daftari la kijana wa pikipiki.

Ikaja notisi ya siku 60. Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji amwandikie mdaiwa kabla ya kuuza, amweleze ameshindwa nini, anadaiwa kiasi gani na afanye nini kurekebisha. Zamani siku zilikuwa 90. Marekebisho ya 2008 yakazipunguza. Hata hivyo 60 si haba kwa mtu anayekubali kuzungumza. Benki haina hamu ya kumiliki nyumba ya Tabata yenye nondo kichwani. Kuuza kuna mthamini, kuna dalali, kuna wakili, kuna kesi isiyojua mwisho. Ofisa mikopo aliniambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba angefurahi kumwona mzee akija na chochote mkononi na maelezo mdomoni. Ovadrafti ingegeuzwa mkopo wa kawaida wa marejesho ya kila mwezi. Au mzee angeruhusiwa kutafuta mnunuzi mwenyewe, kwa bei ya soko na bila spika barabarani, alipe deni abaki na chenji yake.

Nikampelekea mzee ujumbe. Akaniambia, "Mwanangu, hawa watu ukiwaendea wanajua unaogopa." Siku zake 60 akazitumia kijiweni kwa waganga wa sheria.

Mganga mmoja akamshauri kuwa nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Hilo ni kweli kabisa, limo kwenye sheria, na benki inatakiwa ihakikishe kama mkopaji ana mwenzi. Ni kinga nzuri sana kwa kina mama. Isipokuwa kuna waume ambao hukumbuka kuwa wana wake siku dalali anapogonga geti. Mzee akamwomba mama mwenye nyumba aende mahakamani akaape kuwa hakushirikishwa. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso. "Nilisaini mbele ya wakili," akasema, "na picha yangu imebandikwa pale, siku ile nilikuwa nimesuka." Kesi ikaishia kwenye ungo.

Sisi wapangaji tukafanya kikao uani. Ajenda ilikuwa moja: kodi tumpe nani? Wengi wetu tumelipa miezi sita mbele, kama Dar inavyotaka, na katikati ya mgogoro huu mzee alikuwa anapita chumba hadi chumba akiomba mwaka mzima, eti "tusaidiane kuokoa nyumba yetu." Nyumba imekuwa yetu ilipoanza kudaiwa! Dada wa saluni akauliza kama kwenye mnada na sisi tutauzwa. Hakuna aliyecheka. Mimi nikasimama nikasema, jamani, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na LUKU ya nyumba hii tunanunua sisi kwa kuchangishana. Serikali inatujua sisi kama walipaji wa jengo, benki inatujua kama wapokeaji wa barua. Mzee anachomiliki hapa ni deni tu. Nilipigiwa makofi, kisha wakanichagua katibu, kazi isiyo na posho.

Halafu kuna hawa madalali. Dalali wa kwanza alinileta humu ndani, akachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kunionyesha geti. Wa pili ndiye wa kunitoa. Sijui kwa nini nchi hii haiwezi kumfanya dalali mmoja amalizie kazi aliyoianza, angalau tungepatana bei.

Ardhi haipigwi mnada kabla ya tangazo la siku 14 zisizopungua, na Sheria ya Madalali, ambayo ni ya tangu ukoloni, inataka tangazo lisiwe la maandishi tu bali hata la kupigwa ngoma, ili asiyesoma naye asikie. Ngoma yetu ilikuwa gari lenye spika juu. Lilipita na singeli, likazima singeli, likataja kitalu na namba ya kiwanja, likasema nyumba "ina wapangaji," kwa sauti ile ya kusema nyumba ina mchwa.

Wateja wakaanza kuja kukagua, na hapo ndipo nilipomjua mzee wangu vizuri. Chumbani kwangu paa linavuja. Kila masika nimekuwa nikimlalamikia, na kila masika jibu lake ni kwamba ule ni unyevu wa pumzi zetu, tunalala wengi. Sasa mteja wa kwanza, mwenye suruali ya kitambaa, akauliza hali ya nyumba. Mzee akatokea uani mbio, simu imewashwa, akamshika mkono. "Njoo uone paa, bwana. Linavuja tangu 2019. Choo kinajaa kila mwezi. Msingi huu ulichimbwa na mtu aliyekuwa anaumwa. Muulize huyu kijana, watoto wake wanalala na sufuria kitandani." Nilishuhudia, kwa kiapo cha moyo, kwamba yote ni kweli. Alikuwa na tarehe zote. Kumbe malalamiko yangu aliyahifadhi, hakuyafanyia kazi tu.

Siku ya mnada wakafika watu wachache, nao walikuwa wamesikia habari za paa. Dau lilipanda kivivu, likagoma. Sheria inayatilia shaka mauzo yanayoanguka chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, na dalali hakutaka kwenda kueleza mahakamani jinsi nyumba ya Tabata ilivyouzwa kwa bei ya kiwanja cha porini. Akafunga kitabu, akaahirisha. Mzee akapeana mikono na kila mtu kama bwana harusi.

Baada ya hapo mama mwenye nyumba alivaa kitenge chake kizuri akaenda benki mwenyewe, akauza nondo na matofali yaliyobaki dukani akatanguliza, na mkopo ukapangwa upya. Asubuhi moja tu, kazi imekwisha.

Jumapili mzee akabisha hodi kwangu, amenyoa ndevu, ana karatasi. Marejesho mapya ni ya kila mwezi, akasema, kwa hiyo kodi inapanda kuanzia mwezi ujao, maana nyumba hii ina hadhi na watu wengi wanaitaka. Nikamwuliza, sawa mzee, na lile paa?

"Paa gani?"