Paka wa Forodhani hahitaji semina

Siku hizi kujiamini kunauzwa. Unalipa kiingilio, unapewa kalamu na chupa ya maji, kisha bwana mwenye suti anakuamuru usimame mbele ya kioo ujisifu.

Paka wa Forodhani, Unguja, hajalipa hata senti. Jua likizama na wachoma mishikaki wakiwasha taa, yeye huketi katikati ya njia, mkia kauzungushia miguu, anakutazama kama mwenye nyumba aliyefuata kodi yake. Habembelezi mtu. Kipande cha pweza kitakuja, na kikichelewa aibu ni yako.

Mhitimu wetu wa semina, kwa upande wake, anaona haya kuagiza urojo mbele ya wageni. Bhajia, kachori na mbatata alizolelewa nazo, pamoja na ule mchuzi wa embe na ukwaju, leo eti ni chakula cha vibarazani. Anaagiza baga, anaikata kwa kisu na uma, jasho linamtoka. Paka anamnusa, anamwacha, anahamia kwa mchukuzi anayefuta bakuli kwa kidole.

Ndugu yangu, okoa kiingilio. Agiza urojo, zidisha pilipili, na usimsahau mwalimu aliye chini ya meza: ada yake ni kipande cha samaki tu.