Sifa za Programu Kongwe

Asiyeiheshimu programu kongwe ya chama chetu cha kuweka na kukopa hajawahi kuifungua ndani. Mimi nimeifungua, maana ndiyo kazi niliyopewa hapa Bulembia, na tangu hapo ninaisifu hadi usiku wa manane.

Ni nyenyekevu: haina hata ukurasa mmoja wa kujieleza. Inapenda umoja: ukigusa riba huku, stakabadhi za tawi la Bwera zinagoma kuchapika. Inalinda ajira, hasa yangu.

Lakini sifa yake kuu ni kumbukumbu. Mle ndani nilikuta mstari unaosema kwamba mwanachama akiwa wa Kilembe, faini ya kuchelewesha rejesho ni sifuri. Juu yake pameandikwa neno moja: USIGUSE. Nikauliza ofisini, kila mtu akamtazama mwenzake. Nikapekua mihtasari ya vikao, kimya. Tarehe ya faili ndiyo iliyofichua siri: Mei 2013, mwezi ambao Mto Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba za watu na kuijaza hospitali ya Kilembe maji na matope. Kumbe kamati ilihurumia, ikaagiza, ikasahau. Programu haikusahau. Imewasamehe waliofurikiwa, ikawasamehe waliohamia baadaye, itawasamehe wajukuu wao, na siku ya kiyama vitabu vitakapofunguliwa, mkopaji wa Kilembe atasimama kifua mbele, deni lote analo, faini sifuri. Serikali gani ina huruma ya kudumu namna hiyo?

Ili nistahili kuisoma, nimeunda zana. Inachora sehemu ipi ya msimbo inategemea ipi, kisha inahifadhi majibu ya sasa ya kila hesabu, ili nikibadilisha mstari nione kilichogeuka. Mtaalamu wa programu Michael Feathers alishauri njia hiyo mwaka 2004. Kwake, msimbo usio na majaribio ni mkongwe hata ukiandikwa jana. Kwa kipimo hicho, wetu ulizaliwa na mvi.

Na aliyeuandika hakuwa mjinga! Aliambiwa amalize kabla ya uzinduzi, akalipwa nusu, akajiendea Kampala. Pesa ya mahema, fulana na bahasha ya mgeni rasmi ilipatikana. Ya kumlipa mtu akae wiki moja aandike kwa nini hiki kipo na kile hakipo, hiyo mpaka leo "inaangaliwa." Huku Kilembe tunaijua tabia hii: mgodi wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wenye faida wakaenda na faida yao, sisi tukaachiwa marundo ya mabaki kandoni mwa mto, na kila mafuriko yanayachota.

Juzi nilipeleka zana yangu kwenye kamati. Nikaonyesha mchoro mzima, mstari wa Kilembe umekolezwa rangi nyekundu, nikaomba waamue: ubaki au utolewe? Mwenyekiti akautazama kwa makini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kijana wetu, umefanya kazi," akasema. "Sasa tuizindue lini?"