Siku Kapteni Jabali Alipopimwa

Daftari lilipatikana ndani ya sanduku la bati, siku vitu vilipokuwa vikitolewa chumbani ili fundi azibe dari. Ni kaunta buku nene, jalada limetafunwa na mende pembeni, na ndani mna hadithi ya kurasa 63 kwa kalamu ya bluu. Mwenye daftari, ambaye ndiye anayeandika makala hii lakini aibu imemlazimu ajitaje kama mtu baki, aliliandika akiwa kidato cha pili. Aliyelifungua ni mpwa wake wa chuo, binti ambaye kwa bahati mbaya anaweza kusoma mwandiko wowote.

"Mjomba, huyu Kapteni Jabali ndiyo nani?"

Ilibidi aeleze. Miaka ile vijana waligombania riwaya za Elvis Musiba, zile za mpelelezi Willy Gamba. Kitabu kimoja kilizunguka bweni zima, kikilaliwa, kikikaliwa, kikifichwa chini ya godoro mwalimu akipita, hadi kinapokufikia kimeshapoteza jalada. Mwenye daftari alipoazimwa Kikosi cha Kisasi, kurasa za mwisho hazikuwepo. Alisubiri wiki mbili labda zitapatikana. Zilipokosekana akaamua kujimalizia mwenyewe. Kazi ilikuwa ndogo tu: kumpa Willy Gamba msaidizi mmoja amsaidie kuondoka salama. Akaja Jabali. Kufikia ukurasa wa nne, msaidizi ni Willy Gamba.

Jabali ana miaka 17 na tayari ni kapteni. Anazungumza lugha 11. Anarusha helikopta, wakati mahali pa juu kabisa alipowahi kufika mtunzi wake ni kwenye mwembe wa jirani, na huko nako alishushwa kwa fimbo. Macho yake yana rangi ya asali. Ni yatima, ingawa wazazi wa mtunzi walikuwa hai wote wawili, na mmoja wao alikuwa akimwita nje akachote maji muda uleule baba yake Jabali alipokuwa akiuawa na makaburu. Mbwa wa adui, waliofunzwa kurarua watu, wanamnusa Jabali na kumlazia vichwa miguuni.

Mpwa alisoma akitikisa kichwa kama daktari anayetazama picha ya eksirei. "Mjomba, ugonjwa huu una jina. Huyu ni Mary Sue."

"Huyu ni mwanaume."

"Basi Gary Stu. Dawa ni ileile."

Mary Sue mwenyewe alizaliwa Marekani mwaka 1973. Wakati huo mashabiki wa tamthilia ya Star Trek walikuwa wakitunga hadithi zao juu ya chombo cha angani Enterprise na kuzichapa katika vijarida walivyosambaziana wenyewe. Paula Smith, aliyekuwa mhariri wa kijarida kimoja kiitwacho Menagerie, alichoshwa na jinsi hadithi nyingi zilivyofanana: msichana mpya anapanda chomboni, na kabla hajaweka begi chini kila mtu amempenda. Akatunga kikejeli chake kifupi kisichojaza hata kurasa mbili. Luteni Mary Sue ana miaka 15 na nusu, mdogo kuliko maluteni wote jeshini. Kapteni Kirk anamtamkia mapenzi. Spock, mwenye kichwa cha hesabu tupu, anakubali kwamba binti huyu hana kosa la mantiki. Wakubwa wakiugua, yeye ndiye anayeendesha chombo, na kwa hilo anapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kisha anaugua yeye, anakufa, wanaume wazima wanalia kitandani pake, na siku yake ya kuzaliwa inakuwa sikukuu chomboni.

Msomaji wa Kiswahili atauliza: na Uhura yuko wapi? Yule afisa wa mawasiliano wa Enterprise, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru, likageuzwa irabu ya mwisho ili lilainike, kana kwamba "u" moja zaidi ingewachubua watazamaji masikio. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1967 mashine inamfutia Uhura kumbukumbu zote, na anapofundishwa upya kusoma, maneno yakimshinda, anaponyokwa na Kiswahili. Afisa mzima wa nyota anahangaika na kitabu cha chekechea! Mary Sue hakuwahi kukwama hivyo, hata kwenye ngazi.

Mashabiki walipohamia kwenye intaneti miaka ya 1990, mtu akabuni kipimo. Cha mwanzo mwanzo kilitungwa kwa ajili ya hadithi za katuni ya Gargoyles, kisha vikaja vya kila aina. Ni orodha ndefu ya maswali, kila "ndiyo" ina alama, na ukizidi kiwango fulani unashauriwa umtupe mhusika wako au umfumue upya. Mpwa alikuwa na orodha kwenye simu. Mjomba alikaa juu ya sanduku kama mshitakiwa.

Macho yana rangi isiyo ya kawaida? Ndiyo. Wanyama wanampenda bila sababu? Ndiyo. Wazazi wamekufa kwa namna ya kusikitisha? Ndiyo. Jina lake ni lile ambalo mtunzi alitamani kuitwa? Hapo mjomba alinyamaza, kwa sababu shati lake la shule la mwaka ule, ambalo dada yake alilifanya tambara la kupigia deki, lilikuwa na neno JABALI kwa wino ndani ya ukosi. Mpwa akahesabu kimya kama ndiyo.

"Anakufa mwishoni watu wakamlilia?"

Anakufa. Ukurasa wa 61, mikononi mwa Willy Gamba, akisamehe maadui kwa majina, na wako tisa. Rais anatangaza siku saba za maombolezo. Chini ya ukurasa wino umetapakaa, umefanya duara la bluu iliyopauka.

"Hii nini, Mjomba?"

"Maji."

"Maji ya nini?"

Mjomba hakujibu. Kila aliyewahi kukaa kwenye turubai la msiba akasikiliza wasifu wa marehemu atamwelewa. Mtu aliyekuwa akidaiwa na duka zima la mtaa anasomewa kuwa alikuwa mcheshi, mpenda watu, mtatuzi wa migogoro, na wadai wake wanafuta machozi. Kijana wa kidato cha pili ambaye hata zamu ya mpira hapewi alitaka tu kuusikia wasifu wake mapema, na kwa kuwa marehemu hasikii, akamtuma Jabali akafe kwa niaba yake.

Lakini mjomba ni Mswahili, hakukubali kirahisi. Akamleta Fumo Liyongo. Naye mpime! Jitu refu, shujaa wa upinde, malenga, silaha haimdhuru popote ila sindano ya shaba kitovuni. Akifungwa gerezani mama yake anamwokea mkate wa wishwa wenye tupa ndani, na ngoma ya gungu ikivuma nje yeye anakata minyororo. Akiisha kuchomwa, anapiga goti karibu na kisima, mshale upindeni, na watu wanakaa na kiu siku kadhaa wakiogopa kumsogelea, kumbe amekwisha kufa. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka 1913, na hakuna aliyemwambia amfumue upya.

Mpwa alifikiri, na jibu lake ndilo lililommaliza mjomba. Alimwambia aangalie wale walinzi wa gereza. Kila chakula kizuri anachotumiwa Liyongo wanakula wao, wanamwachia makapi, na ulafi wao ndio unaopitisha tupa. Sultani wa Pate ana hofu ya kwake. Mwana wa Liyongo ana tamaa ya kwake. Ameahidiwa cheo pamoja na binti wa sultani, na kwa hilo anamuua baba. Kila mtu pale ana shida zake, hakuja kumpigia Liyongo makofi. "Sasa soma ukurasa wa 22 wa daftari lako."

Ukurasa wa 22, Willy Gamba, mpelelezi aliyewatetemesha majasusi wa bara zima, anapiga magoti kumfunga Jabali kamba za viatu. Hakuna sababu iliyotolewa. Jabali mwenyewe ana mikono miwili.

Basi binti akatoa dadu. Yeye na wenzake chuoni hucheza Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, ambapo kila mchezaji anaishi ndani ya mhusika wake. Kwa kanuni ya zamani sifa sita za mhusika hazitungwi, zinarushwa: dadu tatu kwa kila sifa, unajumlisha, unapata kati ya 3 na 18. Kupata 18 ni bahati moja kati ya 216, na mtunzi wa Jabali alikuwa amejigawia sita mfululizo. Wakarusha juu ya sanduku. Nguvu 6. Wepesi 9. Ustahimilivu 8. Akili 11, mjomba akashangilia. Busara 5. Mvuto 7, dadu moja ikaangukia nyuma ya sanduku, mjomba akadai irudiwe, akakataliwa.

Fundi wa dari alimaliza saa kumi na mbili jioni, akalipwa, akaondoka. Mjomba alibaki na daftari na kalamu, akampandisha yule Kapteni mwenye busara 5 kwenye daladala, amfuate Willy Gamba Kariakoo. Jabali hakusoma kibao, akalala, akapitiliza. Sasa yuko Gongo la Mboto, usiku, hana nauli ya kurudi, mbwa wawili wanamtazama vibaya, na Willy Gamba hapokei simu.