Matairi Mapya Kabla ya Harusi ya Malindi

Matairi manne mapya ya Probox yetu yalinunuliwa kwa sababu ya harusi. Mpwa wa mume wangu alikuwa anaoa Malindi, kilomita zipatazo 120 kutoka Mombasa, na mume wangu akaapa kuwa mamake hatapelekwa huko kwa matairi yaliyokwisha meno. Pesa zangu za chama ziliingia humo pia, kwa hivyo katika kesi hii nilikuwa na haki ya kusema.

Fundi aliyeyafunga alikuwa na foleni ya wateja. Tairi la mwisho alilisukumiza kwenye rimu kavu, bila sabuni, akajaza upepo, akakaza nati, akapokea hela. Ndani ya Kiembeni gari lilitembea vizuri, maana kwetu hakuna pa kukimbilia. Tuliondoka siku kadhaa kabla ya harusi, kwa vile nyanya wa bwana harusi hawezi kuja siku ya akdi kama mgeni. Tulipoingia barabara kuu ya Malindi na kushika kasi, usukani ukaanza kutetemeka. Kufika Shanzu, sinia la mahamri lilikuwa likigongagonga mapajani mwa mama mkwe.

"Ni barabara hii, mama," mume wangu akasema.

"Barabara hii naipita tangu wewe uko mgongoni. Geuza."

Tukageuza, na uani kwetu kikawa kikao. Mume wangu alishikilia kuwa ni balansi. Akaenda akaongezewa vipande vya risasi kwenye rimu, akarudi na mtetemeko wake. Shemeji akasema upepo umezidi. Jirani aliyekuja kuazima ngazi akasema ni nati. Mimi nilitaka gari lirudishwe kwa fundi yule na hela zangu zirudi.

Aliyeona kitu ni mwanangu, akiwa amechuchumaa analiosha gari. "Mama, huu mstari huku unaonekana, huku umezama." Babake akamwambia aendelee kuosha. Mimi nikampigia simu mjomba, aliyeendesha malori ya Kampala miaka mingi na sasa anakaa Utange.

Mjomba hakugusa spana. Alipiga magoti na tochi yake. Ubavuni mwa tairi, karibu kabisa na rimu, pana mstari mwembamba uliochomoza unaozunguka duara zima. Mdomo wa tairi ukikaa sawasawa, nafasi kati ya mstari huo na ukingo wa rimu inalingana kote. Tairi letu la mbele kushoto, upande mmoja nafasi ilitosha kupitisha ncha ya kidole. Upande wa pili mstari ulikuwa umemezwa na rimu. Akajilaza mchangani kutazama na ubavu wa ndani, ambao wengi hawautazami kabisa. Kisha akapiga jeki, akasogeza kijiti karibu na meno ya tairi, akalizungusha. Sote tuliona: tairi linapanda, linashuka.

"Risasi inasawazisha uzito," akamwambia mume wangu taratibu. "Tairi lililokaa upande haiwezi kulinyoosha."

Shemeji akashauri liongezwe upepo mpaka liruke lenyewe. Mjomba akakataa kwa ukali ambao sijawahi kumwona nao. Mdomo wa tairi una waya ndani yake, na katika kuukalisha presha haifai kupita 40 PSI. Waya ukikatika, tairi hupasuka usoni mwa aliyeinama. Ule mchezo wa kumwagia petroli na kuwasha kiberiti hakutaka hata kuusikia. Mimi naungana naye: huo si ufundi.

Tairi lilitolewa kwa fundi mwingine mwenye kompresa. Rimu ilikuwa na kutu ukingoni, kwani hewa ya chumvi huku pwani haisazi chuma, na juu ya kutu kulikuwa na magamba ya mpira wa zamani. Ikasuguliwa kwa brashi ya waya, mdomo ukapakwa maji ya sabuni, sindano ya valvu ikatolewa ili upepo uingie kwa nguvu. Pa! Kimya kidogo. Pa! Pande zote mbili zimekaa. Sindano ikarudishwa, upepo ukawekwa kulingana na kibandiko cha mlangoni kwa dereva, na maji ya sabuni yakamwagwa ukingoni kutafuta povu. Halikutoka. Nati zikakazwa kwa kukingamisha, moja huku, nyingine ng'ambo yake, na Malindi zikakaguliwa tena, kwa sababu hulegea kidogo katika zile kilomita 50 hadi 100 za mwanzo.

Mama mkwe alifika kabla ya akdi, na mahamri yake mazima.

Nawaomba mnaobadilisha matairi wiki hii: hela isitoke mkononi kabla fundi hajaizungushia tochi ile mistari mbele yenu, matairi yote manne, nje na ndani.