Namna ya Kutii Sheria Bila Kuigusa Programu

Umeunda programu ya kukopesha watu kwa simu hapo Nairobi, wateja wanamiminika, na sasa kila unayekutana naye anakuuliza habari ya sheria. Tulia.

Anza na kujidhibiti mwenyewe. Waite washindani wako, mnywe chai hotelini, muunde chama chenye kanuni za maadili. Wakopeshaji wa kidijitali nchini Kenya waliunda chao mwaka 2019. Raha ya kanuni za namna hii ni kwamba ukizivunja, hakimu ni mwenzako. Bahati mbaya, Machi 2022 Benki Kuu ilileta zake: leseni kwa kila mkopeshaji, na marufuku ya kumtisha mdaiwa, kumtukana au kuwapigia watu waliomo kwenye simu yake.

Basi kata leseni, kisha shughulikia makaratasi. Sera ya faragha usiitunge. Nakili ya wengine. Badilisha jina la kampuni kila linapotokea, angalau pale juu. Kipengele kinachompeleka mteja wa Kayole kwenye mahakama za California kiache, kinaipa hati uzito. Herufi ziwe ndogo kama mchele wa kuchambua, lakini kitufe cha “Nakubali” kiwe kikubwa, tena cha kijani.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazungumzia afisa wa ulinzi wa data. Mpe cheo hicho kijana aliyekuja kwa mafunzo ya kazi. Akishaondoka, malalamiko yaendelee kuingia kwenye barua pepe yake. Huko hayamsumbui mtu.

Taarifa za wateja zikivuja, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ulipojua. Tangu *ulipojua*, bwana! Fundi akija mbio Ijumaa jioni, uso umemshuka, mwinulie mkono kabla hajafungua mdomo: “Jumatatu, ndugu yangu.” Kujua ni jambo la siku za kazi.

Faini nayo isikukoseshe usingizi. Kamishna anaweza kukutoza hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya kampuni kwa mwaka, kiasi kilicho kidogo ndicho hushika. Ukiingiza milioni 30, kilele chako ni laki tatu. Karamu yenu ya Desemba huenda ilikula zaidi.

Aliyeharibu starehe kwelikweli ni Google. Mwishoni mwa Mei 2023, duka lake la programu lilizikataza programu za mikopo ya watu binafsi kusoma majina na picha zilizomo kwenye simu. Hapo huna chama cha kukutetea wala wakili wa kumtuma, na ukifukuzwa dukani huna wateja. Ndiyo sababu siku hizi tunaongeza swali dogo kwenye fomu: “Taja watu wawili wa karibu.” Mjomba atapigiwa simu vilevile saa kumi na mbili asubuhi, ila safari hii ametajwa kwa hiari.