Mgeni Hagusi, Ila Kabatini

Nimelelewa Tanga, kwenye nyumba ambayo mgeni akipiga hodi anaitikiwa "karibu" kabla hata hajajulikana ni nani. Nadhani ndiyo maana kazi ya kuwafungulia wageni akaunti kwenye seva ilinitoa jasho.

Ofisi yetu ni ya uchapaji, Kariakoo. Wateja walikuwa wakileta mabango na kadi zao kwa flashi, na kila flashi na virusi vyake. Bosi akachoka. "Wafungulie sehemu kwenye seva. Waweke kazi zao, waondoke."

Nikafungua akaunti za SFTP, njia ya kutuma faili kwa mtandao, nikampa nywila mteja wa kwanza, mama mmoja mpambaji wa harusi. Haikupita saa, simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kadi nimeshaweka. Ila mbona bosi wenu anawalipa kidogo hivyo?"

Kumbe mgeni wa SFTP usipomzuia haishii sebuleni. Anapanda folda kwa folda mpaka juu kabisa, na kila faili lililoachwa wazi analisoma. La mishahara lilikuwa wazi.

Usiku nikasoma maelekezo ya OpenSSH, programu ya seva inayowapokea wageni hao. Dawa ipo tangu 2008, inaitwa ChrootDirectory: mgeni unamfungia kwenye folda moja, naye anaiona hiyo ndiyo dunia nzima. Nikaiweka kwa kundi la wageni, pamoja na amri ya kuwaruhusu sftp tu, na kwa ukarimu wa kwetu nikamkabidhi mgeni folda ile iwe mali yake. Seva ikamkatalia mlangoni. Nilipochungulia kumbukumbu zake nikakuta inalalamikia umiliki: chumba cha mgeni lazima kiwe mali ya root, mwenye nyumba, na mgeni asiweze kuandika chochote humo. Ukitaka aweke mzigo, mtengenezee folda nyingine ndani ya ile. Yaani chumba si chake. Chake ni kabati.

Nikampa kabati. Kisha, ili nione anavyoona yeye, nikajiingiza mwenyewe kwenye kundi la wageni. Nikatoka, nikaingia tena niendelee na kazi. Seva ikanijibu kwa mstari mmoja: huduma hii inaruhusu miunganisho ya sftp tu.

Saa tano usiku, na mwenye ruhusa ya kunitoa humo nilikuwa mimi peke yangu.

Bahati nzuri kizuizi kile kinawahusu wanaoingia kwa mtandao. Anayeketi mbele ya mashine yenyewe hakimgusi. Alfajiri nikawahi ofisini na kibodi kwapani. Getini nikakuta mlinzi mpya.

"Mimi ndiye fundi wa kompyuta hapa," nikamwambia.

"Sawa, kaka. Karibu sana." Akanisogezea daftari la wageni. Nikaandika jina, nikaweka saini. Nikanyanyuka niingie ndani.

"Hapana, kaka. Wewe mwisho wako hapo kwenye benchi, mpaka bosi aje."

Nikakaa. Maelekezo ya OpenSSH hajayasoma yule, lakini mpangilio wake haukuwa na kosa hata moja.