Kitabu Kimetoka, Nakala Yangu Iko Wapi?

Wanaotaka kuandika riwaya huonywa mengi: kukosa usingizi, kurudishiwa mswada, kufa maskini. Hakuna anayewaonya kuhusu ndugu. Riwaya yangu ilipotoka, simu zilizoingia hazikuwa za wanunuzi, zilikuwa za watu wanaotaka kujua nakala yao iko wapi. Nakala yao! Utadhani nilichapisha mgao wa ukoo. Binamu yangu mmoja ana duka la saruji Tandika, na sijawahi hata siku moja kumpigia nikamwambia, "Hongera kwa mzigo mpya, mfuko wangu uko wapi?" Yeye hakuona tabu kuniagiza nimwekee viwili, kimoja cha shemeji yake, vyote nivitie saini.

Afadhali huyo, maana anataka karatasi. Tuna kundi la WhatsApp la tuliosoma wote sekondari. Niliweka picha ya jalada, hongera zikamiminika na vidole gumba kama vyote. Kisha mwenzetu mmoja, mwanasheria mwenye gari la kupanda kwa ngazi, akaandika: "Kaka, tupia PDF humu tusome, tukupe maoni." Wengine wakaitikia amina. Nilipowaambia kinauzwa shilingi 15,000, kundi zima likapoa, mpaka msamaria mmoja akaleta mjadala wa Simba na Yanga ili tupumue. Watu hao hao huchanga laki kwa harusi ya mtu wasiyemjua jina la pili, na kadi ya mchango isipowafikia wananuna.

Na mimi hiyo 15,000 siioni. Mkataba wangu unanipa asilimia 10 ya bei, yaani 1,500 kwa kila kitabu. Hapo serikali inakata kodi ya zuio asilimia 15, nabaki na 1,275. Ni nauli ya daladala kwenda Kariakoo na kurudi, kiu ikikushika meza mate. Kwa hiyo mtu anaponikuta nimening'inia mlangoni, akashangaa kwa sauti ya kusikika hadi siti ya nyuma, "Eh, mwandishi, na wewe unapanda daladala?" nakosa la kumjibu. Ndicho kitu pekee ambacho riwaya yangu inaweza kunilipia.

Nikaitwa redioni. Mtangazaji alikiri hajakisoma, ila alipitia maneno ya jalada la nyuma akiwa juu ya bodaboda, na alilisema hilo kwa majivuno. Swali la kwanza: "Mwandishi, ujumbe wako kwa jamii ni upi?" Sasa, riwaya yenyewe inahusu mama mmoja, mweka hazina wa kamati ya harusi, aliyetoroka na michango hadi Lindi, akafungua mgahawa, na mambo yakamnyookea. Nikasema sina ujumbe, nina kisa tu. Studio ikawa kimya. Halafu akanisaidia: "Kwa hiyo wasikilizaji, mwandishi anatuasa tuepuke tamaa." Jamani, nimemuasa nani? Yule mama biashara yake inakwenda vizuri! Lakini simlaumu sana kijana wa watu. Ndivyo sote tulivyofundishwa: fani huku, maudhui kule, dhamira kuu, dhamira ndogondogo, falsafa, msimamo. Kwetu mhusika hana ruhusa ya kunywa chai bila kuielimisha jamii.

Ya mashangazi ni marefu. Kila aliyewahi kushika daftari la michango katika ukoo wetu aliamini ameandikwa yeye. Mmoja aliitisha kikao. Mwingine alinitumia ujumbe kwamba ameniachia Mungu, ambao ukiupokea kutoka kwa shangazi ujue hali si nzuri. Ila yule hasa niliyemtolea mhusika wangu, na hapa simtaji, alikisoma chote, akacheka hadi akalia, akanipigia: "Baba, huyu mwanamke ni wifi yangu wa Muheza mtupu! Umempatia!"

Mchapishaji naye ana lake. Anataka riwaya ya pili, na anataka iwe "ya shule." Ananihesabia kwa vidole: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, na kwa kidato cha tano na sita Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Anasema nchi hii riwaya hainunuliwi mpaka mtoto aambiwe itatoka kwenye mtihani. Kinachoniuma ni kwamba amesema kweli. Masharti yake: nipunguze mapenzi, niongeze rushwa, na mwizi wa michango safari hii akamatwe. Nikamkumbusha Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, na watu wakaitafuta kwa udi na uvumba. Kwa nini na sisi tusitafute wa kutupiga marufuku? Akanitazama kwa huruma. "Ili upigwe marufuku," akasema, "lazima kwanza mtu akusome."

Nyumbani hakuna nafuu. Mjomba wangu wa Tanga, tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, apate Nobeli mwaka 2021, haniulizi tena habari za watoto. "Mwenzio kapata, wewe lini?" Nilimweleza kwamba riwaya ya kwanza ya Gurnah ilitoka 1987, kwa hiyo avumilie miaka 34. Mjomba ana miaka sabini na ushee. Akakata simu.

Hiyo riwaya ya pili, kwa taarifa yenu, ina sura moja, na inaandikwa kwenye meza ya kulia chakula, kuanzia watoto wanapolala hadi mashine ya kufyatulia matofali ya jirani inapoamka. Wasomaji wachache nilionao hawana subira. Wamezoea hadithi za kwenye simu, unatuma buku jioni, asubuhi sehemu ya pili imeshaingia. Wananiuliza kama nimeumwa.

Wapo pia wafadhili wa visa. Fundi cherehani, dereva wa bajaji, mlinzi wa benki, kila mmoja ana sentensi ile ile: "Maisha yangu mimi ukiyaandika ni kitabu." Wa juzi alikuja na mpango kamili: yeye atasimulia, mimi kazi yangu ni kuandika tu, halafu tugawane nusu kwa nusu. Nikampigia ile hesabu ya 1,275 pale pale, tena nikampa yeye ile shilingi inayozidi. Akaona bora maisha yake yabaki siri.

Kwa hiyo naomba tusiulizane kuhusu cha pili wakati cha kwanza bado kimejaa kwenye maboksi chini ya kitanda cha wageni, na wageni wameanza kulalamika. Bei ni ile ile, shilingi 15,000, kwa ndugu na kwa mwanasheria. Mikoani natuma kwa basi. Na ukituma hela kwa simu, tafadhali weka na ya kutolea.